Mvuke Juu ya Kipande cha Ishirini na Saba

Ogikubo, Tokyo
8 Aprili 2004

Dada Fusae,

Maua ya cheri ya huku yamepukutika yote na sikupata hata dakika moja ya kuyatazama, kwa hiyo salamu za majira nakuachia wewe uziandike. Mimi nina jambo la kukuambia.

Jana Bwana Tokunaga alikuja studio. Unamkumbuka, yule mtayarishaji kutoka kampuni ya diski za video, ambaye akitabasamu ujue kuna mtu atalia. Aliweka mezani saa ya kupimia, ile ya makocha wa riadha, akasema ametazama upya vipindi vyote vitano vya katuni yetu ya *Wapangaji Sita* tulivyokwisha kumaliza, na amevipima. Amevipima, Dada! Kila kipindi dakika ishirini na mbili: za kuchekesha kumi na moja, za hadithi saba, na za macho nne tu. Ndivyo anavyoziita, "za macho": bega, paja, taulo linaloteleza.

"Mwongozaji," akaniambia, "watu hawanunui diski ili wajue Senkichi atamwoa nani kati ya wapangaji wake. Nataka za macho ziwe kumi."

Nikamuuliza nizitoe wapi.

"Kwenye hadithi. Nani ataikumbuka?"

Miaka miwili nimeumiza kichwa ili wanawake sita na yule mpumbavu wao mmoja wachekeshe, wavutie na bado wawe watu, na huyu anakuja na saa. Lakini mfuko ni wake. Kwa hiyo kipindi cha tisa ni cha chemchemi ya maji moto: wapangaji wote sita, bwawa moja, vipande vya picha arobaini na kimoja mfululizo. Mchezo unaujua. Kwenye televisheni tunawafunika kwa mvuke, kwenye diski tunauondoa, na mnunuzi anaona alicholipia. Nyota ni Ritsu, yule mjane muuza tofu ya maharage ya soya. Diski zisipouzwa hatuna msimu wa pili, na studio hii inafungwa.

Ni wewe tu ninayeweza kukupa bwawa hilo. Tangu uhamie kwa mumeo Yonago sijapata mchoraji anayejua kuchora maji kama wewe, wala anayejua kucheka na penseli mkononi.

Ila neno moja. Kwenye vipande vyako vya hivi karibuni kifua cha Ritsu kinatikisika upande wa kulia tu. Wa kushoto umeganda kama ukuta. Watazamaji wataandika barua!

Mdogo wako,
Inukai


Yonago
13 Aprili 2004

Inukai, mdogo wangu,

Salamu za majira hizi hapa: upepo wa baharini bado mkali, Yoshio anafundisha watu udereva kwenye mvua, na vitunguu vyetu virefu vimekwisha sokoni. Umeridhika? Sasa tuongee.

Hiyo saa ya kupimia imenichekesha mpaka nikaweka penseli chini. Halafu ikanikasirisha. Mwambie Tokunaga hivi: ukiwavua wote dakika ya kwanza, dakika ya ishirini utavua nini? Mtazamaji anakuwa hashtuki tena. Anatazama mabega kumi na mawili huku anakula tambi. Kichekesho kinataka mshtuko, na mwili nao unataka mshtuko, na mtu hashtuki mpaka awe anajali kitakachompata mwenye mwili ule. Hiyo ndiyo hadithi. Ukiipunguza ili unenepeshe hayo mengine, utabaki na nyama isiyo na mwenyewe.

Kuhusu upande wa kushoto, umeanza kuhesabu kama bwana wako. Ritsu anabeba beseni la tofu kwenye nyonga ya kushoto na mkanda wa aproni unambana huko. Ni hivyo tu.

Bwawa nitalichora, vipande vyote arobaini na kimoja. Mswada sitaugusa, hata neno. Lakini nina sharti moja na ninaliomba kwa moyo wote: karatasi zangu asizirekebishe mtu. Si wewe, si Tokunaga, si mtu wa diski. Kitakachotoka mkononi mwangu ndicho kitakachobaki. Tangu nikufundishe kushika penseli hapo studio, ukaanza kuniita Dada, sijakuomba kitu. Hiki nakiomba, nacho kwangu ni kikubwa kuliko unavyodhani. Nipe neno lako kwa maandishi.

Nitachelewa kidogo. Tarehe 26 nina shughuli mjini, itanichukua siku kadhaa.

Fusae


(Kadi ya posta)
Tokyo, 16 Aprili

Dada, nakupa neno langu. Hakuna mkono utakaogusa karatasi zako. Ila nisikie umechora haraka!
Inukai


Ogikubo, Tokyo
11 Mei 2004

Dada Fusae,

Unataka kuniua? Vipande vilitakiwa kufika tarehe tano. Leo ni kumi na moja na mkononi nina kumi na tisa tu! Mtu wa vifurushi akiingia mlangoni mimi namrukia kabla hajavua viatu, na kila siku ananiletea bahasha za watu wengine. Jana nilimfokea, halafu nikamkimbilia barabarani kumwomba radhi. Maji yamenifika shingoni.

Hiyo shughuli ya mjini haiishi? Au ndiyo umeanza kuona haya? Nasikia watu wakikaa mikoani miaka kumi na miwili wanakuwa watawa. Kama unaogopa majirani, mwambie Yoshio awaambie unachora vitabu vya shule.

Tusidanganyane, Dada. Nimejaribu kubishana na Tokunaga na nimeshindwa, kwa sababu kwa huyu mmoja anasema kweli. Ritsu ni kifua. Ndicho kinachochekesha, ndicho kinachouza. Kikiondoka anabaki nini? Muuza tofu anayelipa kodi kwa wakati. Nani atamtazama? Kwa hiyo nakuomba, mchore kwa ukarimu na umlete upesi, kabla sijaanza kuchora mwenyewe, maana wote tunajua nikichora mimi anatoka kama begi la mchele.

Inukai aliye taabani


Yonago
15 Mei 2004

Inukai,

Vipande ishirini na viwili vilivyobaki vimo humu. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianguka ngazini na mkono wa kushoto haupandi vizuri, na ndio ninaoutegemea.

Swali lako la muuza tofu nimelisoma mara nyingi. Nimelijibu kwenye kipande cha 27. Usikitazame kwa haraka.

Fusae


Ogikubo, Tokyo
18 Juni 2004

Dada Fusae,

Jana kipindi cha tisa kimerushwa hewani na leo simu haijapumzika! Watu wamecheka! Hasa pale wote watano wanapomkodolea macho Ritsu, Chika yule dereva wa teksi anaangusha ndoo kwenye mguu wake mwenyewe, na Ritsu anasema, "Mnatazama nini? Nipeni sabuni." Ndoo ile umeiangusha kwa wakati mpaka mimi niliyeandika mzaha wenyewe nimejikuta nacheka peke yangu chumbani.

Nakiri nilikiuka agizo lako: kipande cha 27 sikukitazama peke yake. Vipande vilifika tumechelewa, vikaenda moja kwa moja kupakwa rangi na kufunikwa mvuke, na mimi nilitazama mkanda uliokwisha tayari. Lakini mvuke nao ulikuwa mzuri!

Mwezi ujao tunauondoa kwa ajili ya diski. Tokunaga anasugua mikono. Mkono wako umepona?

Inukai


HARAKA
Ogikubo, Tokyo
8 Julai 2004

Dada Fusae,

Umenifanya nini?

Sijui nianzie wapi. Leo asubuhi tulikaa chumba cha kuhariria watu watatu: mimi, Tokunaga, na Bi Naruse anayeendesha mashine. Tokunaga alikuja na keki. Keki, Dada! Bi Naruse akawa anauondoa mvuke kipande kwa kipande, Tokunaga anatikisa kichwa, "Vizuri, vizuri." Tukafika kipande cha 27.

Ritsu anaingia majini ametupa mgongo. Anageuka. Anaweka taulo juu ya jiwe. Mvuke ukaondoka, na mimi kwanza nikadhani ni uchafu kwenye karatasi. Nikamwambia Bi Naruse afute kioo. Akafuta. Haukutoka.

Upande wa kulia upo. Upande wa kushoto hakuna kitu. Ngozi tambarare, na mshono mwekundu unaopita kwa mshazari kama mtu aliyefunga mfuko kwa haraka. Wale watano wamekodoa macho. Ndoo inaanguka. "Mnatazama nini? Nipeni sabuni." Halafu Ritsu anacheka, Dada! Anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Nilisikia mashine inanguruma. Tokunaga alikuwa na uma wa keki mdomoni na hakuutoa.

"Nani huyu?" akauliza mwishowe.

"Ritsu," nikasema.

"Ritsu gani? Ritsu wangu yuko wapi?"

Bi Naruse akainuka, akatoka nje, hakurudi mpaka baada ya chakula cha mchana.

Tokunaga ananikalia kooni. Anasema watu watadai fedha zao, maduka yatarudisha diski, na yeye atanidai mimi. Nami nakuuliza: kwa nini? Kama kazi ya kuchora za macho inakuchukiza, ungekataa. Kama ulitaka kunigomea, ungenigomea usoni, mimi ni mdogo wako, ningekusikiliza. Lakini kujificha chini ya mvuke na kumkata mwanamke huyu ili unikomoe! Roho imenipaa na haijarudi.

Neno nililokupa nimelikumbuka. Lakini hukuniambia ulikuwa unanifunga kamba ya namna hii. Kipande hicho ni karatasi kumi na nne tu. Zichore upya, mrudishe alivyokuwa, uniletee kabla ya tarehe 2 Agosti. Usiponiletea, Tokunaga atampa mtu mwingine, na sitakuwa na la kusema.

Inukai


Yonago
12 Julai 2004

Bwana Inukai,

Mimi ni Shimotori Yoshio, mume wa Fusae. Tulionana siku ya harusi yetu, ulipoimba vibaya. Naomba radhi kwa kufungua barua isiyo yangu. Ilikuwa imeandikwa HARAKA kwa wino mwekundu, na mke wangu yuko hospitali tangu Jumatatu iliyopita, anatundikiwa dawa. Nilidhani ni jambo la kazi ninaloweza kulijibu kwa simu.

Sikuweza kupiga simu. Naandika kwa sababu kwa maandishi naweza kusimama kidogo katikati ya maneno.

Fusae hakuanguka ngazini. Tarehe 26 Aprili alifanyiwa upasuaji, titi la kushoto likaondolewa. Uvimbe aliuona Januari. Alinikataza kumwambia mtu yeyote wa Tokyo, akasema wakijua watampa kazi za kumhurumia. Aliporudi nyumbani mkono haukupanda hata kufika begani. Akaweka ubao wa kuchorea sakafuni, akapiga magoti, akawa anachora hivyo. Akifanya kazi alifunga mlango. Nilisikia akiburuta kioo kile kirefu cha kabati, nikadhani anapanga chumba.

Sasa nakuambia jambo ambalo sikujua kama ningemwambia mtu. Mimi mumewe mshono huo sijauona. Anabadilisha nguo gizani. Anaoga akiwa amefunga komeo, na hatujawahi kuwa na mlango wa bafu unaofungwa, komeo alilinunua mwenyewe mwezi wa tano. Mimi sikuuliza, nilidhani kutouliza ndiyo adabu. Halafu nasoma barua yako na kukuta kwamba ni mwekundu, unapita kwa mshazari, na ngozi ni tambarare. Umeuona wewe. Ameuona Bwana Tokunaga akila keki. Nilikaa kwenye gari la shule ya udereva mpaka mwanafunzi akanigongea dirisha.

Nakiri pia kwamba niliwaambia majirani anachora vitabu vya shule. Fusae aliniambia kwamba wewe ulisema hivyo kwa mzaha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia hivyo kwelikweli.

Umeandika kwamba anacheka. Huku nyumbani hajacheka tangu Januari. Anacheka namna gani, Bwana Inukai? Ninaomba kuona.

Shimotori Yoshio


Ogikubo, Tokyo
16 Julai 2004

Dada Fusae,

Sina uso wa kukuandikia. Nimesoma tena barua yangu ya Mei, ile ya begi la mchele, ile ya kifua kikiondoka anabaki nini, na nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilikuuliza swali lile wiki mbili baada ya kisu. Nisamehe. Usiponisamehe pia ni haki yako.

Nimetazama upya vipande vyako vyote tangu Januari. Kila mahali upande wa kushoto umetulia. Ulikuwa unaniambia na mimi nikakuonya kuhusu barua za watazamaji!

Usihofu tena kuhusu karatasi. Nilimwendea Tokunaga nikamweleza kila kitu, kwamba unaumwa, kwamba umejichora mwenyewe. Na wewe huwezi kuamini: alilia. Alilia kweli, akafuta miwani. Kisha akasema kipande kitabaki, na kwenye jalada la diski tutaandika kwamba ni kazi ya ujasiri ya mchoraji anayepambana na saratani. Anataka na picha yako. Anasema itagusa watu.

Nakutumia mkanda wa tukio zima bila mvuke. Yoshio ameomba kuuona. Uamuzi nakuachia.

Inukai


Yonago
21 Julai 2004

Inukai,

Nimetoka hospitali juzi. Nywele zimeanza kudondoka na mume wangu ananitazama kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni. Na sasa naambiwa nimekuwa pambo la jalada.

Umenishtua kuliko ugonjwa wenyewe. Miezi mitatu Tokunaga alitaka titi la Ritsu liuze diski, na leo anataka titi langu lililotupwa ndilo liziuze! Amebadilisha nini huyo, zaidi ya machozi? Na wewe umempelekea habari zangu mkononi kama keki nyingine. Sikuchora kipande kile ili watu wanionee huruma. Nikitaka huruma nitakwenda kanisani au kwa mama yangu.

Sikiliza nikwambie nilichofanya, maana inaonekana mvuke bado uko machoni mwako. Nilikaa mbele ya kioo siku ya kumi na tatu baada ya upasuaji, nikajitazama, nikasikia kichwani sauti ya Ritsu ikisema mstari wako. "Mnatazama nini? Nipeni sabuni." Nikacheka. Peke yangu, sakafuni, nimejishika bandeji. Mstari wa kijinga wa muuza tofu, ulioandikwa kwa ajili ya mzaha wa kifua, ulikuwa ndio neno pekee ambalo mtu aliniambia tangu Januari bila kushusha sauti. Kwa hiyo nikauchora. Maneno yako sikuyagusa, ndoo yako sikuigusa. Kichekesho ni kilekile, mwili ni wa macho vilevile, na hadithi imo humohumo. Wewe na Tokunaga mmekuwa mkigombania dakika kama watu wanaogawana nyumba ya urithi. Karatasi ni moja, Inukai!

Sasa sharti langu jipya. Waonyeshe kipande watu wasiojua lolote kuhusu mimi. Usiseme neno. Wasipocheka ndoo inapoanguka, basi nimekosea kazi, mpe yeyote achore upya, na nakurudishia neno lako. Wakicheka, kiache. Lakini jalada lisiwe na jina langu zaidi ya pale majina ya wachoraji yanapokaa siku zote, kwa herufi zilezile ndogo.

Mkanda nimeuficha kwenye droo. Yoshio hajauona na sijui kama atauona.

Fusae


Ogikubo, Tokyo
9 Agosti 2004

Dada Fusae,

Nimefanya ulivyosema. Niliwaita wale akina mama tisa wa chumba cha kupaka rangi kipindi cha kumi, ambao kipindi cha tisa hawakukigusa, na mtu wa vifurushi aliyekuwa amekuja kuchukua saini. Nikamwambia akae. Sikusema neno. Mikono yangu niliikalia.

Mvuke haupo. Ritsu anageuka. Mama mmoja alishika mdomo. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Ndoo ikaanguka kwenye mguu wa Chika.

Mtu wa vifurushi ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, akaona aibu, akajaribu kukirudisha, na hapo wale mama wakapasuka. Wawili walikuwa wanalia na wanacheka kwa wakati mmoja na kupigana mabega. Mmoja akaniambia nirudishe nyuma watazame tena. Tukatazama mara nne.

Halafu mtu wa vifurushi akaniuliza, "Samahani, Mwongozaji. Huyu mjane, Senkichi anajua? Atamwoa huyu au atamwoa yule wa teksi?"

Vipindi vyote hivi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza atamwoa nani! Hakuna! Tokunaga na saa yake wangekuwepo wangepima nini hapo, za kuchekesha, za macho au za hadithi?

Nilimpelekea Tokunaga jibu: kipande kinabaki, jalada halina neno. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba bila jalada lile yeye haoni cha kuuza, na msimu wa pili ukija utakuwa na mwongozaji mwingine. Fomu ya kiwanda kinachotengeneza diski inataka saini ya mwongozaji wa sasa, na wa sasa ni mimi. Nimesaini. Mkanda unakwenda kiwandani tarehe 20.

Watu wa studio nimewaambia. Wengine wamenipongeza, wengine hawanisalimii, na wote nawaelewa. Ninaogopa, Dada. Lakini wali nakula.

Inukai


Yonago
14 Agosti 2004

Inukai, mdogo wangu,

Msimu wa pili umeniuma, na sitajifanya haukuniuma. Sikujua ungelipa kiasi hicho. Na ningejua, sijui kama ningekuomba.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya Obon, siku za kuwakumbuka marehemu. Tulikwenda makaburini mapema, tukarudi saa nne asubuhi, joto kali, madirisha yote wazi, mama wa nyumba ya pili anapiga magodoro yake uani kuyatoa vumbi. Yoshio alikaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Nikaenda kwenye droo, nikauweka mkanda, nikakaa nyuma yake. Nyuma, ili nisimwone uso.

Ndoo ilipoanguka alicheka. Unajua anavyocheka, kama gari linalokataa kuwaka. Akacheka mpaka akakohoa, na hapo ndipo akajua amecheka nini. Aligeuka, mkono mdomoni, macho yamemtoka, mweupe kama karatasi. "Samahani," akasema. "Fusae, samahani, sikukusudia."

Tangu Januari nimekuwa nikimngoja mtu wa nyumba hii acheke mbele yangu. Nikafungua vifungo vya blauzi. Saa nne asubuhi, madirisha wazi, magodoro yanapigwa.

Alitazama. Mwanzoni hakusogea. Kisha akavaa miwani yake ya kusomea, akapiga magoti karibu, akanyoosha kidole kama anavyowaonyesha wanafunzi wake kona, akaufuata mshono tangu mwanzo wake mpaka kwapani. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu.

"Umekosea," akasema. "Ulichora unaishia hapa. Lakini unafika mpaka huku."

Nilishtuka, Inukai, kuliko siku daktari aliponiita ofisini. Kwa sababu ni kweli. Niliufupisha. Mimi niliyekuandikia maneno makubwa kuhusu karatasi moja, nilikata mshono kwa upana wa vidole vitatu ili usiwatishe watu. Nilimbakishia Tokunaga sehemu yake na sikujua.

Yoshio ndiye aliyenishikia taa na kunichongea penseli usiku kucha. Karatasi kumi na nne ulizozitaka upya zimo humu ndani ya bahasha. Mshono sasa ni urefu wake wote. Bi Naruse akifanya haraka zitawahi kiwandani tarehe 20.

Ndoo sikuigusa. Inaanguka palepale.

Fusae